Mgonjwa wa figo na sufuria ya mtori

Kilimanjaro mtu akiugua hupikiwa mtori. Aliyetoka kujifungua hupikiwa mtori, mtoto anayeanzishiwa chakula hupikiwa mtori, na mzee aliyekwisha meno hali kadhalika. Ndizi humenywa, zikachemshwa na nyama mpaka zikalainika, kisha zikapondwa ndani ya mchuzi uleule. Ndiyo maana ndugu akilazwa Moshi mjini, hotipoti inayoteremshwa kutoka Machame, Kibosho au Marangu huwa na chakula hicho, na aliyeibeba huamini, kwa haki kabisa, kwamba amebeba nguvu.

Kisha daktari anasema tatizo ni figo. Haipiti siku, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo inaingia orodha: ndizi marufuku, parachichi marufuku, maharage, mchicha, viazi, nyama, maziwa, vyote marufuku. Nyingine zimetoka mbali kiasi kwamba zinakataza jibini na kuruhusu matunda ambayo soko la Mbuyuni halijapata kuyaona. Mtu wa mgombani akimaliza kuisoma hujiuliza kimebaki nini. Wengi huamua kimoja kati ya mawili: kuidharau orodha yote, au kuifuata yote na kudhoofika.

Orodha hizo zinawatendea wagonjwa wote wa figo kana kwamba ni mtu mmoja. Ukweli ni kwamba chakula cha mgonjwa huyu hutegemea majibu ya maabara, hatua ambayo ugonjwa umefikia, dawa anazomeza na, jambo ambalo orodha hazilisemi kabisa, namna chakula chenyewe kilivyopikwa.

Suala hili si geni kwa Moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopima watu wazima wa mkoa huo mjini na vijijini, ulikuta asilimia 7 wana ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15, vijijini asilimia 2. Karibu nusu ya waliokutwa na tatizo hawakuwa na kisukari, shinikizo la damu wala virusi vya Ukimwi, sababu tulizozoea kuzitaja. Na wengi wao hawakuwa wakijua kwamba figo zao zina hitilafu. Hilo nalo si ajabu: figo hazilalamiki mapema. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku anakwenda shambani na kurudi, na dalili za kuvimba miguu, kichefuchefu na mwili kuwasha zikaja mambo yameshaharibika.

Figo mbili zenye afya huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kama mkojo. Katika kazi hiyo hupima chumvi, potasiamu, fosforasi, tindikali na maji, na kutoa mabaki ya protini tuliyokula. Madaktari hugawa ugonjwa sugu wa figo katika hatua tano kwa kuangalia kiwango cha uchujaji, ambacho hukadiriwa kutokana na kreatinini ya damu. Kikiwa 60 na ushee, na kuna dalili nyingine za hitilafu kama protini kwenye mkojo, uko hatua za mwanzo. Kikishuka chini ya 15, uko ya tano, na mazungumzo ya kusafisha damu huwa yameanza au yamekaribia.

Mtu wa hatua ya pili mwenye potasiamu ya kawaida hana sababu ya kuogopa ndizi. Kwa kweli matunda na mboga za majani humsaidia, kwa kuwa hupunguza tindikali mwilini na kusaidia kushusha presha. Anayemkataza mchicha mtu huyo kwa jina la figo anamnyima kinga. Hatua hizo za mwanzo vita vyake vikubwa ni presha, sukari na chumvi, pamoja na kuacha kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kila mgongo unapouma.

Hatua za mwisho ndipo potasiamu inapogeuka hatari. Kawaida yake kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5.0. Ikivuka 6, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na moyo ukasimama, mara nyingine bila onyo lolote. Hapo ndipo hesabu ya ndizi inapoingia. Gramu 100 za ndizi za kupika, kabla hazijaingia jikoni, zina takribani miligramu 500 za potasiamu. Wali uliopikwa, kwa uzito huohuo, una kama miligramu 35. Sahani ya mtori iliyotokana na gramu 300 za ndizi inakaribia miligramu 1,500, na mgonjwa aliyeambiwa apunguze potasiamu kwa kawaida huwekewa kikomo cha miligramu 2,000 hadi 3,000 kwa siku nzima. Sahani moja, na nusu ya posho yake imekwenda au inakaribia kwisha.

Lakini angalia vizuri kinachoufanya mtori uwe mzito hivyo. Potasiamu huyeyuka kwenye maji. Ndizi zikichemka, sehemu kubwa hutoka na kubaki kwenye mchuzi, na mtori ni chakula ambacho mchuzi wake haumwagwi. Ndio mtori wenyewe. Machalari, ndizi zinazopikwa na nyama bila kupondwa, vilevile. Kwa hiyo njia ipo, ingawa mpishi wa Kichagga wa zamani hataipenda: menya ndizi, zikate vipande vidogo, zichemshe kwenye sufuria kubwa yenye maji mengi, mwaga maji yote, kisha anza upya na maji mapya, kitunguu na kipande cha nyama. Kwa viazi imepimwa: vipande vidogo vikichemshwa hivyo hupoteza nusu ya potasiamu au zaidi, ilhali kuloweka tu kwenye maji baridi hakusaidii kitu cha maana. Mihogo na magimbi hupikwa kwa kanuni hiyohiyo. Mchicha uchemshwe, ukamuliwe, maji yamwagwe, ndipo ukaangwe.

Ladha itapungua, sikatai. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, giligilani na ndimu vitarudisha sehemu yake. Na bakuli liwe dogo. Mtori wa namna hiyo mara moja kwa wiki, kwa idhini ya daktari aliyeona majibu yako, si sawa na mtori wa kila asubuhi, na ni tofauti kabisa na kuambiwa kwamba hutaonja tena chakula cha kwenu mpaka unazikwa. Siku nyingine zote kuna wali, ugali wa sembe, chapati, tambi, kabichi, biringanya, tango, hoho, nanasi, tufaha. Hizi nazo zina kipimo: tikiti maji lina potasiamu kidogo kwa gramu, ila nani alikula gramu mia za tikiti akaacha?

Kuna vitu ambavyo kwa mtu wa hatua hizo sioni haja ya kuvitafutia ujanja. Madafu ni kimojawapo: glasi moja inaweza kubeba miligramu 600, na Pwani ndicho kinywaji cha kwanza kupelekewa mgonjwa. Nyanya ya kopo, tende kwa wingi, unga wa majani ya mlonge unaouzwa stendi kwa madai ya kusafisha figo. Na kuna mbirimbi, zile za kuungia mchuzi wa samaki na kutia achari. Zimejaa oksaleti, na watu waliokunywa juisi yake kwa wingi wamewahi kuharibikiwa figo kwa ghafla. Ndugu yake, lile tunda la manjano lenye pembe tano ambalo likikatwa hutoa umbo la nyota, ni hatari zaidi: lina sumu ya mishipa ya fahamu ambayo figo nzima huitoa bila shida, lakini kwa mgonjwa hujikusanya na kuleta kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo. Watafiti wa Brazil waliitambua sumu hiyo mwaka 2013.

Si haki pia kuilaumu sahani kwa kila potasiamu iliyopanda. Baadhi ya dawa za presha, zikiwemo zile zinazolinda figo, huipandisha. Tindikali ikizidi kwenye damu huipandisha. Sukari isiyodhibitiwa huipandisha. Kufunga choo pia, kwa sababu figo zikichoka utumbo hubeba sehemu ya kazi ya kuitoa, na hapa mgonjwa aliyeacha mboga na matunda yote hujikuta amejiongezea tatizo alilokuwa analikimbia. Daktari akiona namba imepanda anapaswa kuuliza yote hayo kabla ya kumgeukia mama mpishi.

Chumvi ina hadithi nyingine, maana hiyo haina hatua inayoiruhusu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima, mzima wa afya, asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu iliyo kwenye mkate, kachumbari, chipsi na vidonge vya kuungia mchuzi. Dagaa wa kukaushwa kwa chumvi na papa mkavu vinaweza kummalizia mtu posho yake kwa mlo mmoja. Wengi hujitahidi kupunguza chumvi ya mkononi, na ndani ya sufuria wakaweka vidonge viwili vya mchuzi bila kuhisi wamekosea.

Halafu magadi. Kilimanjaro na Arusha magadi ni sehemu ya jiko: huwekwa kwenye maharage yaive haraka, kwenye makande, kwenye kiburu ili ndizi na maharage vishikane. Hayana ladha ya chumvi, kwa hiyo hakuna anayeyahesabu, na kumbe ni sodiamu. Pia yana floridi nyingi, ambayo meno ya kahawia ya watu wengi wa ukanda huo yamekuwa ushahidi wake, na figo zilizochoka hushindwa kuitoa vizuri. Maharage yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, hayahitaji magadi, na kuloweka huko hupunguza potasiamu kidogo vilevile. Kinachohitajika ni mkaa kidogo zaidi, nami najua bei ya mkaa. Ila afadhali gharama hiyo.

Onyo moja kabla hatujaiacha chumvi. Madukani siku hizi kuna chumvi mbadala inayotangazwa kuwa salama kwa wenye presha. Nyingi hutengenezwa kwa kuondoa sodiamu na kuweka potasiamu mahali pake. Kwa mwenye figo mbovu hiyo ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Kwa protini ndipo familia nyingi huchanganyikiwa, na si kosa lao: ushauri hugeuka juu chini katikati ya safari. Kabla ya kuanza kusafishwa damu, mgonjwa huambiwa asizidishe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unataja gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anapata gramu 48, na robo kilo ya nyama isiyo na mfupa, ikiwa mbichi, ina protini kama gramu 50. Yaani nyama choma ya mtu mmoja pale baa imemaliza siku nzima kabla hajagusa yai, maziwa wala maharage. Kuzidisha huzipa figo zilizobaki mzigo ambao haziuwezi.

Siku anapoanza kusafishwa damu, ambapo kawaida ni mara tatu kwa wiki na saa nne kila mara (wapo wanaomudu mara mbili tu), anaambiwa ale protini zaidi: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Mashine haichagui, inapotoa taka hutoka pia gramu kadhaa za viini vya protini, na mwili wenyewe huchakaa upesi. Mtu yuleyule wa kilo 60 sasa anahitaji gramu 60 hadi 72. Familia iliyomzoesha wali na kabichi kwa miaka miwili inaendelea kumpikia wali na kabichi kwa upendo uleule, naye anakonda. Tena kukonda huku kuna udanganyifu: kreatinini hutokana na misuli, kwa hiyo misuli ikiisha kreatinini nayo hushuka, na nyumba nzima ikashangilia majibu ambayo kwa kweli yanasema mtu wao anaisha.

Tatizo ni kwamba wakati huohuo ulimi umeharibika. Taka zikijaa kwenye damu, mdomo huwa na ladha ya chuma na harufu ya nyama huchefua. Kumlazimisha kongoro haisaidii. Mayai huingia kwa urahisi zaidi, hasa ute wake, ambao una protini safi na fosforasi kidogo. Samaki mbichi aliyechemshwa kwa ndimu na tangawizi. Kuku kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku kuliko sahani moja iliyojaa.

Fosforasi nimeitaja, na inastahili maneno machache. Ikizidi huwasha mwili, huinyonya mifupa kalsiamu na kugandisha mishipa. Miaka mingi wagonjwa waliambiwa waache maharage na dona kwa ajili yake. Siku hizi inafahamika kuwa ile ya kwenye nafaka na kunde hufyonzwa chini ya nusu, kwa sababu imefungwa katika umbo ambalo utumbo wa binadamu hauwezi kulifungua vizuri. Iliyowekwa viwandani, kwenye soda nyeusi za kola, soseji na nyama za makopo, hufyonzwa karibu yote. Kwa hiyo aliyeacha maharage akabaki na soda amefanya biashara mbaya. Dagaa, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wako upande mzito. Na aliyeandikiwa dawa ya kuzuia fosforasi, kama kalsiamu kaboneti, aimeze pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu haina fosforasi ya kuikamata.

Maji nayo huhesabiwa kwa wale ambao mkojo umepungua. Kipimo cha kawaida ni kiasi cha mkojo wa jana ukiongeza nusu lita hivi, na ndani yake huingia chai, uji, supu na mtori. Mizani haidanganyi: kilo moja iliyoongezeka kati ya usafishaji mmoja na mwingine ni lita moja iliyokwama mwilini. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mwezi wa pili hii ni adhabu. Kipande cha ndimu cha kufyonza husaidia, kikombe kidogo husaidia, lakini kinachosaidia kuliko vyote ni kupunguza chumvi, kwa kuwa ndiyo inayoleta kiu.

Mwenye kisukari juu ya figo ana jambo la kujua peke yake. Figo zikishindwa, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na sukari huweza kushuka ghafla kwa dozi ambayo zamani ilimfaa. Ikishuka, juisi ya machungwa ambayo wengi hufundishwa kuikimbilia ina potasiamu nyingi. Glukosi, au vijiko vya sukari kwenye maji kidogo, vinatosha.

Yote haya huamuliwa na mshika mwiko, ambaye mara nyingi haingii chumba cha daktari. Mgonjwa, aghalabu baba, hukaa mbele ya mtaalamu wa lishe na kuitikia kila kitu, akafika nyumbani akasema ameambiwa apunguze chumvi, basi. Anayepika ndiye aende kliniki. Na aombe namba: potasiamu ngapi, fosforasi ngapi, albumini ngapi, uzito unaotakiwa ni upi. Mtaalamu wa lishe akishaambiwa kwamba nyumba hiyo hula ndizi siku tano kwa wiki, ataweza kupanga jambo linalotekelezeka. Asipoambiwa atatoa nakala ya orodha ileile.

Wageni pia wana nafasi yao. Desturi yetu ya kutokwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu ni njema, lakini mfuko una mkungu wa ndizi mbivu, maparachichi, machungwa na unga wa lishe uliochanganywa soya na karanga. Kwenye wodi ya figo mfuko huo hugawiwa kwa wagonjwa wa vitanda vya jirani, nao ni wagonjwa wa figo vilevile. Tufaha, nanasi, trei ya mayai au fedha ya nauli ya kliniki ijayo vingefaa zaidi. Harusini na msibani mgonjwa mwenyewe atajisaidia: wali, kabichi, kipande kimoja cha nyama, mchuzi ubaki kwenye sinia. Kisusio, supu ile ya mbuzi yenye damu, apokee kwa adabu na ampe shemeji.

Wachache watafika kwenye kupandikizwa figo. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, kwa hiyo safari ya India si lazima tena kwa kila mtu. Figo mpya ikishika kazi, kikombe cha maji hakipimwi tena, na ndizi zinaweza kurudi mezani pole pole, daktari akifuatilia, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hupandisha potasiamu zenyewe. Nyama isiyoiva vizuri na maziwa yasiyochemshwa havimfai, na sukari ataichunga kwa sababu ya dawa. Tunda ambalo atakatazwa moja kwa moja, hata majibu yakiwa mazuri kiasi gani, ni balungi, ambalo huzuia utumbo usivunje dawa hizo na kuzifanya zizidi kwenye damu mpaka kuiumiza figo aliyopewa.